Kitambaa chenye jina la familia hakina mnunuzi wa pili

Nianze na msimamo, maelezo yatafuata. Ukiagiza kitu cha mkono chenye jina la familia yako, kiwe kitambaa cha kochi, kibuyu cha mursik au ubao wa ukutani wenye majina ya wajukuu, lipa nusu ya bei kabla fundi hajanunua chochote. Na wewe fundi, usipoipata hiyo nusu, usiguse sindano. Watu husema kuanza kazi bila malipo ya kwanza ni ukarimu. Mimi nasema ni mkopo, tena mkopo usio na riba wala mdhamini, na mara nyingi umetoka kwa pesa ya unga.

Najua huku Chepkoilel maneno haya yatasikika makali. Hapa tunajuana. Kutoka geti ya Chuo Kikuu cha Eldoret hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 9 tu kwa barabara ya Ziwa, lakini mambo yetu mengi bado yanaenda kijiji-kijiji. Mama anayekufumia vitambaa mnakaa naye benchi moja kanisani. Mwanafunzi wa shanga amepanga chumba kwa jirani yako. Mzee wa vibuyu alimjua babu yako. Kumwambia mtu kama huyo "tuma nusu kwanza" inaonekana kama kumwambia humwamini. Ndiyo maana mafundi wengi hunyamaza, wakafuma, wakamaliza, halafu Januari inawakuta na vitambaa vimekunjwa vizuri kwenye kabati, vina majina ya watu wengine.

Hapo kwenye jina ndipo tatizo lote lilipo. Tazama kanga. Pwani, kanga huchapishwa kiwandani kwa wingi, na jina lake, yaani yale maneno ya chini, hutungwa ili yamfae mtu yeyote mwenye mama, mpenzi au jirani mwenye wivu. Mali ya Abdulla, duka la kanga la Mombasa linalohesabu miaka yake tangu 1887, halina haja ya kumjua mteja kabla ya kuchapisha. Mmoja akiikataa doti, mwingine atakuja ataipenda, na maneno yale yatakuwa yake kuanzia siku hiyo. Sasa chukua kitambaa kilichofumwa FAMILIA YA KIPROP NA JERONO. Nani mwingine atakinunua? Hata akina Kiprop wengine, na ni wengi Uasin Gishu hii, wana wake wenye majina mengine.

Wanaofuma wanajua uchungu wa jambo hili kuliko mimi. Herufi za kroshia hutengenezwa kwa vidirisha: vingine unaviacha wazi, vingine unavijaza, mpaka herufi inaanza kuonekana. Na kroshia hufumuka kutoka mwisho kurudi mwanzo. Haifumuki katikati. Ukitaka kubadilisha jina lililo katikati ya kitambaa, lazima ufumue kila kitu ulichofuma baada yake, na uzi unaoupata umejikunja-kunja kama nywele zilizofumuliwa jana. Shanga ni afadhali, kwa sababu unaweza kukata uzi ukaziokota moja moja. Ubao unaweza kuupiga randa, ukapoteza unene kidogo.

Kibuyu ndicho kesi ngumu zaidi. Kibuyu hupandwa shambani, hungojewa kikomae, hukaushwa, hutolewa mbegu na kusafishwa, na kikishachorwa jina kwa waya wa moto hakuna kufuta. Sisi tuliokunywa mursik tangu utotoni tunajua sotet si chombo cha kununuliwa asubuhi na kutumika jioni. Ndani kina mkaa wa senetwet, nje kimevishwa ngozi na shanga, na ndicho wanariadha wetu hupokelewa nacho uwanja wa ndege wa Eldoret wakirudi na medali. Mtu anayeagiza sotet ya koito yenye majina ya watoto wanaooana, kisha anazima simu, amemwachia fundi kitu ambacho hata kukitumia nyumbani kwake mwenyewe ni aibu. Mgeni atauliza, "Hawa ni akina nani?"

Tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Seti ya vitambaa vya makochi ya watu saba imekula uzi wa shilingi 2,400. Unafuma saa 3 kwa siku ukishamaliza kazi za nyumbani, siku 20, jumla saa 60. Mmekubaliana shilingi 8,000. Ondoa uzi, zinabaki 5,600. Gawanya kwa 60 na utaona kila saa imekulipa kama shilingi 93. Hiyo ni wakati mambo yamekwenda vizuri, na bado kuna mtu atakuambia, "Si uniondolee mia tano tu." Eldoret imekuwa mji wa nyuzi na nguo miaka mingi, Rivatex, Raymond na Ken-Knit ni majina tuliyokua nayo, na wakati mwingine nafikiri ndiyo sababu watu hapa wanaona uzi kama kitu kinachookotwa barabarani.

Sasa mteja apotee bila kulipa kitu. Huwezi kusema umekosa faida. Umelipa 2,400 kutoka mfukoni mwako ili upate ruhusa ya kufanya kazi saa 60 bure. Angekuwa ametuma 4,000 mwanzoni, uzi ungekuwa umejilipa na ungekuwa na 1,600 ya jasho lako. Umeumia, ndiyo, lakini si kwa kiasi cha kukopa kwa chama. Na kuna kitu kingine ambacho hesabu haikionyeshi: mtu aliyetuma 4,000 ni nadra apotee. Huyo hupiga simu wiki ya kwanza kuuliza mmefika wapi.

Kuna kosa moja la upande wa mafundi ambalo linaharibu kazi hii yote, nalo ni kuichukulia dipoziti kama faida. Dipoziti ni uzi ambao bado haujanunuliwa. Ikiingia kwa simu ile ile yenye pesa ya karo, ya tokeni za stima na ya mchango wa matanga, haitafika Ijumaa. Ndiyo sababu tunasisitiza till namba ya biashara hata kwa mtu anayefumia sebuleni kwake. Hatusemi hivyo ili uonekane mkubwa. Pesa ya oda ikikaa mahali pake, jioni unaweza kufungua taarifa ya malipo ukaona nani amelipa nusu, nani amemaliza, na kazi ya nani ina haki ya kuwa mapajani mwako leo. Na uzi nunua siku hiyo hiyo dipoziti imeingia. Uzi hauwezi kukopeshwa shemeji.

Turudi kwa lile la kujuana, maana ndilo linalowafunga watu mdomo. Wengi hawashindwi na wazo la dipoziti, wanashindwa na namna ya kuisema. Wanazunguka, wanaomba msamaha, wanaingiza habari ya mtoto kufukuzwa shule, mpaka mteja anahisi anaombwa msaada. Andika ujumbe mmoja, uuhifadhi kwa simu, uwe unautuma kwa kila mtu bila kubagua. Kwa mfano:

"Chamgei Mama Chebet. Asante kwa oda: vitambaa vya makochi ya watu saba, rangi ya maziwa, jina FAMILIA YA KIPROP. Bei ni 8,000. Nitaanza siku ile nusu (4,000) itaingia kwa till, na kazi itachukua wiki tatu. Iliyobaki utalipa ukishaona vitambaa. Kwa vile vina jina lenu, dipoziti hairudishwi nikishaanza kufuma."

Hakuna "samahani" hapo, na hakuna dharau. Mama Chebet akisoma anajua bei, tarehe na nini kitatokea akibadilisha mawazo. Akiwa ni dada yako wa toka nitoke, unaweza kumpunguzia bei, hiyo ni hiari yako na ni vizuri. Dipoziti usimwondolee. Ukimwondolea yeye, wiki ijayo binamu atasikia, na baada yake mke wa pasta.

Lakini mteja naye ana kesi, tena nzito. Karibu kila nyumba ina hadithi ya fundi aliyekula dipoziti akaanza wimbo wa "kesho" mpaka sikukuu ikapita. Kwa hivyo nilisema nusu, sikusema yote. Mtu anayekudai bei nzima kabla ya kukuonyesha hata kipande cha kazi amekuhamishia hatari yote, na una haki ya kukataa. Kwa kazi kubwa, kama seti nzima ya sebule au zawadi za harusi, mimi napenda mpango huu: nusu mwanzoni, robo ukitumiwa picha ambayo jina linaonekana wazi, robo ya mwisho mkononi. Kwa fundi ambaye hujawahi kufanya naye kazi, agiza kitu kidogo kwanza, kitambaa kimoja cha meza au mto mmoja. Utajua tabia yake kwa gharama ndogo.

Na kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Ukiona jina la mtu au duka usilolijua, simama. Piga simu uulize. Fundi halali hatakasirika, atakuambia kwamba till iko kwa jina la biashara au la mume wake. Ujumbe wa malipo usiufute mpaka kitambaa kiwe kwenye kochi.

Msimu wa sikukuu pia ni msimu wa wakora, na mafundi wa oda ndio windo lao rahisi, kwa sababu hupokea pesa kutoka kwa watu wasiowaona. Mchezo wa kwanza ni ujumbe wa uongo. Mtu anakutumia sms inayofanana kabisa na ya malipo, iliyoandikwa 4,000, halafu anakuharakisha: anza leo, mgeni anakuja Jumamosi. Usiamini sms, amini salio. Fungua menyu, angalia pesa ipo. Inachukua muda mfupi kuliko kuvuta uzi mmoja kwenye sindano.

Mchezo wa pili una akili zaidi. Unapigiwa simu: "Dada, nimekutumia elfu nne kimakosa, nirudishie kwa hii namba ingine." Labda pesa imeingia kweli, labda haijaingia. Vyovyote iwavyo, usitume kitu kwa namba nyingine. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja, na wewe piga simu hapo hapo ueleze. Ukimrudishia kwa mkono wako, kisha yeye akaomba pia malipo ya kwanza yarudishwe, umelipa mara mbili. Na mtu yeyote anayekuomba PIN, hata akijua jina lako lote na la mama yako, si mfanyakazi wetu.

Sasa jambo ambalo naliona kila mwaka ikikaribia Jumapili ya pili ya Mei, siku ya akina mama, na tena Desemba. Ndugu watano wanakubaliana kwenye kikundi cha WhatsApp wamfanyie mama kitambaa cha ukutani chenye majina ya watoto na wajukuu wote. Wazo zuri sana. Kitinda mimba, yule aliyebaki nyumbani, anapewa kazi ya kukusanya. Mmoja anatuma 2,000 kutoka Nairobi, mwingine 1,500 kutoka Kapsabet, wa tatu anasema atatuma mwisho wa mwezi. Pesa inakaa kwa simu ya kitinda mimba. Naye ni binadamu, ana njaa na ana bando la kununua. Siku ya kumlipa fundi ikifika pesa imekatika, na badala ya zawadi familia imepata ugomvi.

Dawa ni rahisi na haihitaji mtu kuwa malaika. Kila ndugu atume moja kwa moja kwa till ya fundi, kisha aweke ujumbe wake wa malipo kwenye kikundi. Kitinda mimba abaki na kazi yake ya maana: kuchagua rangi, kupima ukuta na kuhakikisha mama hajui. Fundi naye anaanza michango ikifika nusu, awe ni nani aliyetuma. Na kama familia inapenda kulipa mdogo mdogo, kila wiki kidogo, ianze mapema. Lipa mdogo mdogo inafaa kabla ya kitambaa kuanza. Baada ya mama kukipokea, hakuna anayekumbuka deni.

Halafu kuna majina yenyewe. Huku kwetu herufi moja ni ukoo mzima. Nyumba moja inaandika Jepkorir, nyingine Chepkorir, na zote mbili ni msichana aliyezaliwa karibu na alfajiri. Kiprono wa nyumba hii ana kaka anayeandika Rono tu kwenye kitambulisho. Jirani Mbukusu anaandika Nelima, binti yake anaongeza h mwishoni. Ukipokea majina kwa simu ya sauti, ukiwa jikoni na redio inaimba, utafuma unachofikiri umesikia. Kataa. Mwambie mteja ayaandike mwenyewe kwa ujumbe, kwa herufi kubwa, kwa mpangilio anaoutaka, wa kwanza kuzaliwa mpaka wa mwisho. Umrudishie orodha ile ile na neno "thibitisha". Herufi ikikosewa kwake, atalipia marekebisho. Ikikosewa kwako, utafumua bila kumdai senti. Ujumbe utasema ni nani, na hamtahitaji mzee wa mtaa.

Muulize pia kuhusu watoto ambao hawajazaliwa. Sifanyi mzaha. Kitambaa cha majina ya wajukuu kinachoagizwa Oktoba kinaweza kuwa pungufu ifikapo Pasaka, na nyanya hatakubali kukitundika kama kuna mjukuu hayupo. Fundi mzuri huacha nafasi chini, safu mbili tatu za vidirisha vitupu, na hulipisha kidogo kuongeza jina baadaye. Hiyo ni biashara inayorudi yenyewe mlangoni, na sioni wengi wakiitumia.

Mwaka, kwa upande mwingine, ningeuacha. Kitu kilichoandikwa KRISMASI na tarakimu za mwaka huu kinafanya kazi kwa wiki moja au mbili. Kikichelewa kidogo hakina maana tena, na mteja ana sababu ya kukataa kukilipia hata kama ulikosa usingizi. Kilichoandikwa jina la familia tu kinakaa sebuleni Desemba, kinakaa Machi, kinafunika kochi siku ya kusherehekea mtoto aliyefuzu chuo. Mteja akisisitiza anataka mwaka, sawa, mfumie, lakini kwa oda ya aina hiyo mimi ningeomba robo tatu mbele.

Oda za Desemba zenyewe zinataka kalenda. Kama seti moja inakuchukua siku 20 na tayari una tatu mbele yako, hizo ni siku 60, kwa hivyo anayetaka yake kabla ya Krismasi alipaswa kulipa nusu yake mwanzoni mwa Oktoba au mapema zaidi. Atakayekuja tarehe 10 Desemba anaweza kupata mto mmoja au kitambaa cha meza ndogo. Mwambie hivyo siku hiyo hiyo, kabla hajatuma kitu, na kama bado anataka seti nzima, mpe tarehe ya Februari na till namba.